Mdudu wa Mama Mdogo

Picha haina harufu, hilo nalijua. Lakini juzi nilikuwa nimekaa saluni Manzese, kichwa kimejaa dawa, nikafungua simu ili nipitishe muda, na picha ya mdudu mmoja ikanijaza puani harufu ya embe bichi na mafuta ya taa. Dada aliyekuwa ananitengeneza nywele aliona nimekunja uso, akaniuliza kama dawa inaniunguza. Nikamwambia hapana, aendelee tu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Wataalamu wametangaza aina mpya ya mdudu, wa jamii ile yenye miguu ya nyuma iliyotanuka kama jani. Wamemkuta katika msitu mmoja wa pwani, kusini huko. Ana rangi ya kahawa iliyokolea, mapaja ya nyuma yana mstari wa njano, kingo za miguu zina meno madogo, ncha za vipapasio ni za rangi ya chungwa. Wamempa jina la mahali walipompata. Wakaongeza kwamba hajawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Kuandikwa, kweli, hajawahi. Lakini mimi nilimjua mdudu huyo kabla sijajua kuzidisha. Alitembea juu ya mkono wangu. Nimekaa pale kwenye kiti cha saluni nikahisi hasira inapanda, hasira ambayo nimeishi nayo miaka yote nikiitafutia jina la adabu, na siku ile nikaamua adabu imetosha. Wale wataalamu hawana kosa lolote, Mungu awabariki. Hasira yangu ni ya nyumbani.

Nyumbani ni Kibamba. Wa rika langu mtaikumbuka Kibamba ya wakati ule, kabla ya maghorofa na mageti ya chuma. Mtu akisema amenunua kiwanja Kibamba, watu wa Temeke walimpa pole. Nyumba zilikuwa za kuhesabika, nyingi bado hazijapigwa lipu, na kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na vichaka ambavyo wenye navyo walikuwa hawajapata fedha ya kujenga. Tulilima mahindi na kunde kwenye viwanja vya watu. Maji tuliyategemea mbinguni. Kila nyumba ilikuwa na pipa chini ya bati, na pipa likikauka mlikuwa mnanunua maji ya mkokoteni, yenye chumvi, ambayo hata chai yalikuwa yanaiharibu.

Baba alikuwa karani bandarini. Alitoka alfajiri na shati jeupe, akarudi jioni na shati hilo hilo likiwa bado jeupe, na mtaa mzima ukamwita Karani, kwa heshima. Tulikuwa watu wa kuja, tumetoka bara, na baba alikuwa na hamu kubwa ya kupendwa na wenyeji. Hilo sikulijua nikiwa mtoto. Niliona tu kwamba anasalimia watu kwa muda mrefu kuliko baba za wenzangu.

Mama mdogo alikuja kukaa na sisi akiwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Alikuwa mdogo wake mama wa mwisho, mwembamba, mwenye kucheka kwa mabega, na alikuwa anasomea wadudu. Mama aliposikia kwa mara ya kwanza alidhani ni utani. Ukoo mzima ulikuwa umechangia karo ili binti akasome, wakategemea daktari au mwanasheria, kumbe binti anakwenda kusomea mende. Lakini alikuwa anaupenda ule mdudu wake kwa namna iliyotuambukiza sote. Alimwona mara ya kwanza kwenye kichaka cha mbaazi mwitu nyuma ya choo chetu, akampeleka chuoni, wakalinganisha na wote waliohifadhiwa kule na michoro ya vitabuni. Hakuna aliyefanana naye. Mwalimu wake akamwambia huenda ni mpya kabisa duniani, na kwamba kama atapata madume na majike ya kutosha, amwandike yeye mwenyewe. Ndiyo ingekuwa kazi yake ya kumaliza chuo.

Ndipo nilipojifunza kwamba mdudu anaandikwa. Nilikuwa nakaa naye mezani mchana, wadudu wamechomwa pini ndani ya sanduku la viatu lililotandikwa sponji, na yeye ananiuliza ninachokiona. Nikisema miguu imefanana na majani makavu, anatikisa kichwa. "Usiniambie amefanana na nini," alikuwa anasema. "Niambie alivyo." Basi nikaanza kuangalia. Pande la pili la kipapasio ni refu kuliko la kwanza. Dume ana paja nene lenye mwiba kwa ndani, jike hana. Majike hutaga mayai kwa mstari juu ya kijiti. Madume hupigana kwa mateke, wamegeuziana migongo, na hilo lilikuwa linanichekesha mpaka nakaa chini. Alinifundisha pia kwamba maneno peke yake hayatoshi. Huwezi kutangaza mdudu kwa kumsimulia. Lazima awepo mwenyewe, amehifadhiwa, ili mtu yeyote mwenye wasiwasi aende akamtazame. Bila mwili hakuna jina.

Sasa sikilizeni alivyokuwa anawakamata, maana hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alikuwa na mwavuli mweusi mkubwa. Asubuhi jua likishakausha umande, alikwenda kichakani, akaufungua mwavuli, akaugeuza tumbo juu, akauweka chini ya tawi. Kisha akalipiga tawi kwa fimbo. Wadudu wakaangukia ndani ya mwavuli, yeye akainama, akachagua kwa vidole anayemtaka, akamtia kwenye chupa, akafunga kizibo. Wengine akawamwaga majanini. Akaukunja mwavuli, akaenda kichaka kingine. Ni njia inayofundishwa chuoni, na ni njia nzuri, kwa sababu huna haja ya kuharibu mmea.

Jumapili moja baba alikwenda naye. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimebeba chupa. Tulikuwa tumetoka kanisani, baba bado ana viatu vya kung'aa, na mama mdogo akamtania kwamba makarani hawajui kazi ya mikono. Baba akauchukua mwavuli, akaukinga, mama mdogo akapiga tawi. Dume moja kubwa likaanguka, likapanda kwenye kifundo cha mkono wa baba na kumtemea dawa yao ya kujihami, yenye harufu ya embe bichi na mafuta ya taa. Baba alicheka. Nasema alicheka sana, kicheko cha mtu aliyesahau ukarani wake, akakataa kunawa mpaka mama amnuse. Njia nzima alikuwa akiuliza maswali. Wanakula nini, wanaishi muda gani, jina utampa la nani. Mama mdogo akasema akishindwa kabisa kupata jina atampa la shemeji yake, kwa sababu wote wawili wana miguu mipana.

Mwaka ule vuli haikuja. Tulilima, tukapanda, tukangoja. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya Kibaha kule, meusi kabisa, kisha yanapita. Mahindi yaliota yakasinyaa. Mapipa yalikauka, bei ya maji ikapanda, watu wakaanza kuoga kwa kikombe. Na kila asubuhi, chini ya anga lisilo na wingu, binti wa watu mwenye suruali alikuwa amesimama kichakani na mwavuli uliofunguliwa kuelekea mbinguni.

Mnajua wenyewe mambo yetu. Ukitaka kufanya harusi masika, unatafuta mtu wa kufunga mvua. Hakuna kabila pale mtaani ambalo halikuwa na mtu wake, na wote walicheka wakisema hawaamini, na wote walimtafuta siku ya harusi. Kwa hiyo watu walipomwona mama mdogo hawakuhitaji maelezo. Anafungua mwavuli, anaukinga mbinguni, anapiga kwa fimbo, anatoa kitu kwa vidole, anakitia chupani, anaziba, anakunja mwavuli. Ingekuwaje tena? Anaifunga mvua chupani. Na nyumbani kwa Karani kuna sanduku zima.

Mama Shaibu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeanza kulisema kwenye mkokoteni wa maji. Simchukii Mama Shaibu. Alikuwa na watoto wengi na shamba lililokauka, na alisema kile alichokiona. Wengine wakadakia kwamba lisemwalo lipo. Muda si muda wenzangu shuleni wakawa wananiuliza chupa ziko wapi, na mtoto mmoja akaniomba nikamchungulie kama kweli zinavuja.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaja na watu nyumbani siku moja baada ya swala ya alasiri. Nataka nieleze kikao kile vizuri kwa sababu baba amekieleza vibaya miaka yote. Hapakuwa na panga. Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na mikeka miwili chini ya kivuli cha nyumba, chai ya tangawizi aliyoichemsha mama kwa maji ya chumvi, na watu kama kumi hivi, wanaume kwa wanawake, ambao tulikuwa tunasalimiana nao kila siku. Mjumbe alikuwa mtu mpole, fundi seremala, aliyetutengenezea mlango wetu. Alizunguka sana kabla ya kufika. Mwisho akasema, "Karani, sie hatuna ugomvi na wewe, na huyu binti ni mtoto wetu. Tunauliza tu. Kule vichakani anafanyaga nini na mwavuli?"

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, na nilifurahi. Nilijua jibu, na nilijua baba analijua, na nikangoja awachekeshe kwa habari ya kutemewa mkononi.

Baba akaweka kikombe chini. Akasema, "Mimi ndugu zangu natoka alfajiri, narudi jioni. Sijui anafanya nini huko. Sijawahi kwenda naye. Ila nimewasikia, na nitamkanya."

Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya utani. Hakuna. Alikuwa na uso uleule anaosalimia nao wazee. Na mimi, mtoto niliyefundishwa kwamba baba hasemi uongo, nilipata maelezo mamoja tu. Kama mvua inaweza kutiwa chupani, basi na kumbukumbu ya mtu inaweza. Jumapili ile ya baba imo kwenye sanduku. Mama mdogo ameichukua kwa vidole vyake, akaiziba, na baba wa watu hajui hata kwamba imetoka. Kabla ya siku ile maneno ya mtaani sikuyaamini hata kidogo. Aliyenifanya niyaamini ni baba.

Mama mdogo alikuwa chumbani, dirisha liko wazi, amesikia yote. Akatoka. Alisimama kwenye kizingiti nyuma yangu, nikahisi gauni lake limenigusa bega, nikajivuta pembeni. Hakuwatazama watu. Alimtazama baba peke yake, na hakupandisha sauti.

"Shemeji," akasema, "waambie."

Baba akatazama viatu vyake. Mjumbe mwenyewe akaona haya, akaanza kuongea habari ya maji. Baba ndiye aliyemkatiza. Akasimama, akasema tumalize mambo haya kwa amani, akaingia ndani, akatoka na sanduku la viatu na chupa zote akiwa amezikumbatia. Kulikuwa na majani makavu yaliyofagiwa kwenye kona ya uwanja. Akayawasha mwenyewe kwa kiberiti chake. Akazivunja chupa, akaumimina mwaka mzima wa mama mdogo juu ya moto, na harufu ile ya embe bichi na mafuta ya taa ikajaa uwanja, kali mpaka watu wakaziba pua kwa kanga na mikono. Walitikisa vichwa kwa kuelewana. Kitu chenye harufu ile kisingekuwa kitu chema. Mama alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, hakusema neno, na ukimya wake huo nimeusamehe kwa shida.

Kesho yake mvua ikanyesha.

Siwezi kuwaeleza mvua ile ilivyokuwa. Ilishuka mchana, nzito, bila upepo, ikapiga mabati mpaka hatusikilizani. Watu walitoka nje. Walipiga ndoo, waliimba, watoto tulivuliwa nguo tukaachiwa kwenye mitiririko ya bati, na mimi nilikuwa katikati yao nikiruka, mdomo wazi. Mama Shaibu alivuka na maandazi yamefunikwa kwa sinia. Mjumbe alikuja kumshika baba mkono. Na mimi niliona kila kitu kimethibitika, kwa sababu chupa zimevunjwa na mvua imetoka. Ilinyesha Temeke pia, ilinyesha Manzese, ilinyesha mpaka Bagamoyo ambako hakuna mtu aliyekuwa amechoma chochote, lakini nani angemwambia mtoto habari za Bagamoyo?

Nikamkimbilia baba, maji yananichuruzika, nikamuuliza, "Baba, umekumbuka?"

"Nimekumbuka nini?"

Nikarudi kwenye maji. Niliwaza labda mvua ni nyepesi ndiyo maana imetangulia, na kumbukumbu itafuata baadaye.

Mama mdogo aliondoka ndani ya mvua ileile, begi kichwani, hakumuaga baba. Mimi aliniinamia akaniuliza kama namwogopa. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanishika shavu kwa kiganja, akasimama, akaenda. Alijaribu kurudi kwenye vichaka baadaye kwa kupitia barabara ya nyuma, mama alikuja kuniambia nikiwa mkubwa, lakini mtaa ulikuwa umeshakubaliana kuvifyeka vyote ili mambo yale yasirudi. Mwalimu wake alimwonea huruma. Huruma haina miguu sita. Akapewa mada nyingine, ya nzi wa matunda, akamaliza chuo na alama za kawaida, akapangiwa kufundisha sekondari Songea, na yuko huko mpaka leo. Anafundisha vizuri, wanafunzi wake wanampenda, na msije mkanielewa kwamba kufundisha ni msiba. Msiba ni kwamba alichagua kitu kingine, alikuwa anakiweza, na alikuwa amekishika mkononi.

Kibamba hakurudi tena. Tulipomzika mama tulimzika kwao bara, akaja, akasimama upande wa pili wa kaburi, akampa baba pole kwa mkono ulionyooka.

Na baba je? Baba alineemeka. Mtaa ulimpenda kama alivyotamani. Walimchagua kuwa katibu wa kamati ya maji, wakamwita kwenye harusi zao, wakamwekea kiti cha mbele. Kisa kile kikageuka kichekesho chake cha sikukuu. "Mnakumbuka shemeji yangu alivyotufungia mvua?" Watu wanacheka, wanafuta machozi. Nilipopata akili nikamuuliza kwa nini alisema hajui. Akaniambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Akaniambia sijui watu walivyo, huko kwingine wanawake wamekatwa kwa maneno kama yale, na yeye alikuwa anamlinda.

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi kwa sababu lina ukweli ndani yake, na ukweli ukiwa ndani ya uongo unakera kuliko uongo mtupu. Ndiyo, wanawake wamekatwa. Lakini wanaokatwa hukatwa baada ya mtu wao wa karibu kunyamaza. Mtaa ule ulikuja kuuliza. Walikuja na swali, wakanywa chai wakisubiri jibu, na mtu waliyemwamini kuliko wote alikuwa na jibu. Angewaambia mwavuli ni wa kukingia wadudu, na kwamba yeye mwenyewe aliushika Jumapili, wangecheka, wangeondoka, na mvua ingenyesha kesho yake vilevile. Hakumlinda mama mdogo. Alilinda kile kiti cha mbele ambacho hata alikuwa hajapewa.

Basi Jumapili iliyopita nikapanda basi la mwendokasi mpaka Kimara, nikaunganisha mpaka Kibamba. Baba alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho, na watu walikuwa wamekuja kumjulia hali. Nilimkuta sebuleni na miwani myeusi, mjumbe wetu wa zamani amekaa kwenye kochi pembeni yake na mkongojo, Mama Shaibu kwenye kiti cha plastiki, na majirani wengine wawili watatu. Nikawaamkia wote. Chai ilikuwa mezani. Baba alikuwa anajaribu macho yake mapya kwa kila kitu, anasoma maandishi ya kalenda kwa sauti, anasoma pakiti ya majani ya chai. Nikaitoa simu, nikafungua ile picha, nikampa bila kusema neno.

Akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Huyu mbona namjua," akasema.

Akanyanyua simu kuwaonyesha watu. Akawaambia huyu ni mdudu wa shemeji yake, yule aliyekuwa anasoma chuo kikuu. Akaeleza kwamba walikuwa wanaishi kwenye mbaazi mwitu, kwamba dume ana mwiba pajani na jike hana. Hakusahau kitu. Kisha akacheka, kicheko kilekile cha siku ile, akasema, "Mimi mwenyewe nilimshikia mwavuli Jumapili moja tukitoka kanisani. Dume moja likanitemea hapa. Harufu ilikaa mpaka jioni."

Mama Shaibu akacheka. Mjumbe akaitazama picha kwa muda, akatikisa kichwa taratibu. "Yule binti alikuwa na kichwa sana," akasema.

Nilisimama katikati ya sebule ya baba yangu, nikawaza kwamba ningekuwa na kitu cha kuvunja ningekivunja. Sentensi ile. Miaka yote nimeitaka sentensi ile, na sasa inatolewa pamoja na chai, kwa sababu mdudu ametoka kwenye habari na haigharimu tena kumjua. Nikaichukua simu mkononi mwake, nikampigia mama mdogo, nikaweka sauti ya nje.

Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia mdudu wake ametangazwa, ametangazwa na watu wengine. Kisha akauliza kama wamepata dume na jike. Nikamwambia wote wawili. Akauliza kama wameandika rangi ya ncha za vipapasio. Nikamwambia wameandika, ni ya chungwa. "Basi wameandika vizuri," akasema.

Nikamwambia niko Kibamba. Nikamwambia baba ametoka kuwaeleza wageni kwamba siku moja alimshikia mwavuli.

Mama Shaibu aliacha kutafuna.

"Wageni gani?" akauliza mama mdogo.

Nikawataja, mmoja mmoja, nikianza na mjumbe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie arudie," akasema. "Watu wakiwa bado wamekaa. Arudie, halafu awaambie na siku ile alisema nini."

Baba akavua miwani, akaivaa. Akasema chai inapoa. Hakuna aliyegusa kikombe, hata mjumbe, ambaye sasa alikuwa amemgeukia baba na mkongojo umelala magotini, anamtazama kama mtu aliyeulizwa swali zamani na leo ndipo ameelewa jibu alilopewa.

Nikamsogezea baba simu mdomoni. Mkono ukaanza kuniuma. Sikuushusha.